Sperrkonto: akaunti inayokupatia viza ya Ujerumani na kukuacha solemba mwezi wa kwanza

Mwanafunzi anayekwenda kusoma Ujerumani kwa gharama zake mwenyewe ataulizwa swali moja ubalozini kabla ya mengine yote: utaishi kwa pesa gani? Taarifa ya benki ya mzazi hailijibu swali hilo, wala hati ya kiwanja. Majibu yanayokubalika ni machache. Kuna barua ya ufadhili unaotambulika, kama wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi. Kuna mdhamini anayeishi Ujerumani ambaye amesaini Verpflichtungserklärung, hati ya kuahidi kubeba gharama zako, mbele ya ofisi ya wageni ya mji wake. Na kuna akaunti yenye pesa zako ambazo huwezi kuzigusa mpaka ufike. Hiyo ya tatu ndiyo Sperrkonto, akaunti ya zuio, na ndiko wengi wanakoishia. Hapa tunaipima kama huduma unayoilipia: inafanya nini vizuri, inakwama wapi, na maswali gani umuulize mtoa huduma kabla hujamtumia hata senti.

Kiwango cha sasa, tangu Septemba 2024, ni euro 11,904 kwa mwaka, yaani euro 992 kila mwezi kwa miezi 12. Mwaka 2021 kilikuwa euro 861 kwa mwezi, na mwaka 2023 kikapanda hadi 934. Kinafuata kiwango cha juu cha BAföG, msaada wa serikali kwa wanafunzi wa huko, kwa hiyo BAföG ikipanda nacho hupanda. Usishike namba uliyopewa na aliyekutangulia miaka miwili nyuma. Angalia tangazo la ubalozi utakaoomba viza, tena wiki ile ile unayotuma pesa, maana euro 10 tu zikipungua ubalozi una haki ya kukurudisha.

Utaratibu wenyewe ni rahisi kuueleza. Unafungua akaunti kwa mtandao ukiwa bado nyumbani, unatuma kiasi chote kwa mkupuo, unapewa hati ya uthibitisho, unaipeleka ubalozini pamoja na barua ya udahili. Ukishafika na kutimiza masharti, unaanza kulipwa euro 992 kila mwezi kutoka kwenye pesa zako mwenyewe. Huwezi kuchukua zaidi, hata ukiugua, mpaka ofisi ya wageni itoe kibali.

Zamani wengi walipitia Deutsche Bank, kwa fomu za karatasi na sahihi iliyothibitishwa ubalozini. Benki hiyo iliacha kuwafungulia wanafunzi wapya mwaka 2022, na kazi ikabaki kwa kampuni za mtandaoni. Fintiba na Expatrio ndizo zinazotajwa zaidi. Tunayoyasema hapa yanahusu huduma hii kwa jumla na wala hayailengi kampuni moja, kwa sababu matatizo makubwa yanatokana na mfumo wenyewe na yatakukuta popote.

Kuhusu ada

Ada ina sehemu mbili: ya kufungulia, inayolipwa mara moja, na ya kila mwezi. Tuchukulie mfano wa euro 89 za kufungulia na 5 kila mwezi. Kwa mwaka ni euro 149. Swali la kuuliza ni kama ada hizo zinakatwa ndani ya zile 11,904 au zinalipwa juu yake. Kama zinalipwa juu, unachotuma ni euro 12,053, na ukituma 11,904 kamili hutapewa hati. Watu hujikuta wamekosa miadi ya ubalozi kwa sababu ya hesabu hiyo ndogo tu.

Wengine hutangaza kwamba ada ya kila mwezi ni sifuri ukinunua kifurushi chenye bima. Soma kifurushi hicho kinyume: jiulize bima hiyo ungeinunua kama isingekuwa imefungwa pamoja na akaunti. Tutairudia chini, kwa sababu ndipo kosa ghali kuliko yote linapofanyika.

Jambo moja zaidi kabla ya kulipa. Kampuni nyingi za aina hii si benki. Zinafanya kazi na benki iliyo nyuma yao, na pesa zako zinakaa huko. Uliza jina la benki hiyo. Kisheria amana katika benki za Umoja wa Ulaya zinalindwa hadi euro 100,000 kwa kila mwenye amana, kwa hiyo ukijua pesa ziko benki gani na kwa jina la nani, unalala. Asiyeweza kukujibu swali hilo kwa sentensi moja, achana naye.

Kutuma pesa

Hatua hii ndiyo inayochukua muda kuliko inavyodhaniwa, na mtoa huduma ana lawama ndogo humo. Kazi iko kati ya benki yako na benki za katikati.

Chukua fomu ya kutuma pesa nje uitazame. Chini huko kuna kisehemu kidogo kinachouliza nani analipa makato, chenye vifupisho vitatu: OUR, SHA na BEN. BEN maana yake makato yote yanatoka kwenye pesa zinazotumwa. SHA maana yake wewe unalipa ya benki yako, na benki za njiani zinajichukulia zao humo humo. OUR maana yake unalipa yote mwanzoni na pesa zinatakiwa kufika zilivyo. Karani asipoulizwa hujaza SHA. Matokeo yake ni kwamba euro 12,053 zinaondoka, euro 12,021 zinafika, na hati haitolewi mpaka zile 32 zije. Kuzituma hizo 32 kunakugharimu ada nyingine nzima ya muamala na siku nyingine kadhaa za kusubiri.

Chagua OUR, kisha bado zidisha. Euro 100 za ziada zinatosha kuziba tundu la makato yasiyotarajiwa, kwa sababu hata OUR haiheshimiwi na kila benki ya njiani. Ziada hiyo haipotei. Kwa kawaida inarudi kwako pamoja na malipo ya kwanza.

Tuma kwa euro. Ukituma dola, benki inayopokea itazibadilisha kwa kiwango chake na wewe hutajua zitafika ngapi. Na kabla ya kubadilisha shilingi kuwa euro, pita benki mbili tatu uulize kiwango cha siku hiyo. Kwenye euro 11,904, tofauti ya asilimia 2 ni euro 238, zaidi ya ada yote ya mwaka ya mtoa huduma. Watu huhangaika kutafuta kampuni yenye ada nafuu kwa euro 20 halafu wanapoteza mara kumi yake kwenye kaunta ya benki yao.

Halafu kuna majina. Akaunti ifunguliwe kwa jina kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na jina la ukoo likae mahali pa jina la ukoo. Wenye majina matatu wanaumia hapa: barua ya udahili imeandika mawili, pasipoti ina matatu, na mfumo unaona watu wawili. Rekebisha barua ya udahili kwanza, ni rahisi kuliko kurekebisha akaunti. Pesa zikitoka kwenye akaunti ya mzazi au mjomba, watoa huduma wengi wanakubali, ila nambari ya kumbukumbu uliyopewa lazima iandikwe kwenye sehemu ya maelezo ya malipo, bila nyongeza yoyote. Maneno kama "ada ya shule ya mwanangu" yanaweza kufanya muamala ukae wiki nzima ukitafutwa ni wa nani.

Andaa pia ushahidi wa pesa zilikotoka: mkataba wa mauzo, hati za mishahara, taarifa ya akaunti ya miezi kadhaa. Wakiuliza wataweka muda wa kujibu, na benki yako mwenyewe inaweza kuuliza kabla yao. Ukichanganya yote haya, jipe wiki 3 kati ya kufungua akaunti na siku ya miadi ubalozini. Pesa zenyewe zinaweza kufika kwa siku 3, lakini ratiba haipangwi kwa siku njema.

Kufikia hapa huduma hii inastahili sifa. Hati hutoka haraka pesa zikishatimia, balozi zinaitambua, na hakuna haja ya kusafiri kwenda kuthibitisha sahihi. Tukiipima kama huduma ya viza tunaipa nyota nne na nusu kati ya tano.

Danadana ya wiki za kwanza

Shida inaanza ukishatua. Ili pesa zako zifunguliwe, mtoa huduma atataka kwa kawaida vitu vitatu: pasipoti yenye viza, cheti cha kujiandikisha mjini, na nambari ya akaunti ya kawaida ya benki kwa jina lako. Vitu hivyo vinategemeana kwa namna inayochosha. Cheti cha mji kinahitaji nyumba. Nyumba inahitaji dhamana. Dhamana inahitaji pesa. Na pesa ziko kwenye akaunti inayosubiri cheti cha mji.

Kujiandikisha mjini kunaitwa Anmeldung na hufanyika kwenye ofisi ya mji, mara nyingi inaitwa Bürgeramt. Sheria inataka ufanye hivyo ndani ya wiki 2 tangu uhamie kwenye nyumba. Unakwenda na pasipoti, fomu ya kujiandikisha, na karatasi inayoitwa Wohnungsgeberbestätigung. Hii ya mwisho ndiyo inayowarudisha watu. Mkataba wa kupanga hauichukui nafasi yake. Ni karatasi moja ambayo mwenye nyumba anathibitisha kwamba fulani amehamia anwani fulani tarehe fulani, akaweka jina lake, anwani yake na sahihi. Iombe siku unayopewa ufunguo, kabla mwenye nyumba hajaondoka. Hosteli za wasafiri kwa kawaida hazitoi, na vyumba vingi vya kukodi kwa siku havitoi. Kwa hiyo unapotafuta chumba cha muda kwa wiki za mwanzo, swali la kwanza liwe "je, naweza kujiandikisha hapo?", bei ifuate baadaye. Chumba cha bei nafuu kisicho na karatasi hiyo kinakuchelewesha pesa zako zote.

Utakutana na watu wanaouza anwani: unalipa, wanakuandikia karatasi, huishi hapo. Usiingie. Kutoa anwani kwa mtu asiyekaa hapo kunaweza kumletea mtoaji faini ya hadi euro 50,000, na wewe uliyejiandikisha kwa uongo una faini yako pia, tena ukiwa na kibali cha kukaa ambacho bado hakijatoka.

Miadi ya Bürgeramt katika miji mikubwa inaweza kuwa wiki kadhaa mbele. Ikitokea hivyo, weka miadi ndani ya zile wiki 2 na utunze uthibitisho wake, na kila asubuhi mapema angalia tena ratiba, maana nafasi zilizofutwa na wengine huonekana saa hizo. Miadi ya mtaa mwingine wa mji ule ule inafaa pia. Kwenye fomu kuna swali la dini, na watu hulijaza bila kufikiri. Anayejiandikisha kuwa Mkatoliki au Mlutheri anaingia kwenye orodha ya kodi ya kanisa, ambayo ni asilimia 8 ya kodi ya mapato huko Bavaria na Baden-Württemberg, na asilimia 9 kwingineko. Mwanafunzi mwenye kipato kidogo huenda asilipe kitu, lakini siku atakapoanza kazi kamili makato yatamfuata. Wapo wanaotaka kulichangia kanisa lao kwa njia hiyo, na ni vyema. Muhimu ujue unachojaza.

Akaunti ya kawaida ya benki, Girokonto, ina vikwazo vyake. Benki za mtandaoni zinathibitisha utambulisho kwa video, na zipo pasipoti ambazo mfumo huo hauzikubali. Angalia orodha ya nchi kabla ya kujaza fomu. Mbadala ni kuthibitishwa ana kwa ana kwenye tawi la posta, au kwenda benki yenye matawi, kama Sparkasse, ukiwa na pasipoti na cheti cha mji. Ukikataliwa, tumia neno Basiskonto. Tangu 2016 sheria inampa kila mtu anayekaa kihalali katika Umoja wa Ulaya haki ya akaunti ya msingi, na benki ikishapokea ombi lililokamilika inatakiwa kuitoa ndani ya siku 10 za kazi, isipokuwa kama ina sababu iliyotajwa na sheria.

Sasa kitu kidogo ambacho kimeshakwamisha watu wengi: kisanduku cha barua. Posta ya Ujerumani inapeleka barua kwa jina lililobandikwa kwenye kisanduku. Katika majengo mengi hakuna nambari ya chumba inayoweza kukuokoa. Jina lako lisipokuwepo, barua inarudi ilikotoka. Na vitu vyote muhimu vinakuja kwa barua: kadi ya benki katika bahasha moja, nambari ya siri katika nyingine, nambari ya kodi yenye tarakimu 11, kadi ya bima. Siku ile ile unayohamia, andika jina lako la ukoo kwa herufi kubwa, bandika kwa gundi ya karatasi chini ya majina yaliyopo, kwenye kisanduku na kwenye kengele ya mlango. Kama unaishi kwa mtu na haruhusu, anwani yako iandikwe c/o ikifuatiwa na jina lake.

Na kabla ya kupanda ndege, shughulikia laini ya simu. Akaunti ya zuio uliifungua kwa namba ya nyumbani, na ujumbe wa namba ya siri utaendelea kwenda huko. Kama laini hiyo haipokei ujumbe ukiwa nje, hutaweza kuingia kwenye akaunti yako mwenyewe siku unayoihitaji zaidi. Washa huduma ya kutumia laini nje ya nchi na uweke salio la kutosha. Laini ya Ujerumani utaipata, lakini tangu Julai 2017 hata ya kulipia kabla haiwashwi bila kuthibitisha pasipoti, na hapo tena uthibitisho wa video unaweza kugoma. Nunua dukani ambako muuzaji anakagua pasipoti papo hapo.

Hesabu ya mwezi wa kwanza

Euro 992 zinatosha mwezi wa nne, lakini mwezi wa kwanza ni habari nyingine. Tuchukue chumba cha kodi ya euro 400 bila gharama za nyongeza, ambayo Wajerumani wanaiita Kaltmiete, na euro 480 ukijumlisha maji, joto na mengineyo. Dhamana kisheria haizidi Kaltmiete ya miezi 3, yaani euro 1,200. Mchango wa muhula chuoni tuweke 300, bima ya afya 145, kibali cha kukaa 100. Jumla ni euro 2,225 kabla hujala wala hujanunua shuka. Malipo ya kwanza ya Sperrkonto hayafiki nusu ya hapo, na huenda yakafika wiki ya tano.

Kuna nafuu moja ya kisheria ambayo wageni wengi hawaijui: dhamana inaweza kulipwa kwa awamu 3 sawa, ya kwanza mwanzoni mwa mkataba na mbili pamoja na kodi za miezi inayofuata. Katika mfano wetu hiyo inashusha mwezi wa kwanza hadi euro 1,425. Mwenye nyumba anaweza kununa, lakini haki ni yako. Ila ukiwa unashindana na waombaji wengine 30 wa chumba hicho hicho, usiitaje kabla ya kusaini.

Kwa hiyo mbali na zile 11,904, beba au weka mahali pa kufikika angalau euro 2,000. Fedha taslimu chini ya euro 10,000 hazihitaji tamko forodhani, lakini si lazima ubebe zote mfukoni. Kadi ya benki ya nyumbani inayokubalika nje, iliyojaribiwa kabla ya safari, inafanya kazi. Kuweka ziada hiyo ndani ya Sperrkonto hakusaidii, maana itafungwa pamoja na nyingine mpaka siku ile ile ya kufunguliwa. Na usitume dhamana ya chumba ambacho hujakiona wewe wala mtu unayemwamini. Mwenye nyumba aliyeko "safarini" anayeahidi kutuma ufunguo kwa posta ukishalipa ni tapeli, na tunalisema hilo kwa uhakika wote.

Kama huduma ya kukusaidia kukaa, basi, Sperrkonto tunaipa nyota mbili. Kampuni zinazoitangaza kama suluhisho la maisha mapya zinapaswa kuandika kwa herufi kubwa kwamba pesa hazitapatikana wiki za kwanza. Kabla ya kulipa ada, waandikie swali hili: mnafungua malipo kwa hati zipi hasa, na je, mnakubali uthibitisho wa miadi ya Bürgeramt badala ya cheti chenyewe? Mwenye jibu laini zaidi anastahili ada yako hata akizidi wenzake kwa euro 40.

Bima iliyofungwa na akaunti

Kifurushi kwa kawaida kina bima ya safari ya siku za mwanzo na bima ya afya ya masomo. Ya kwanza ina maana, kwa sababu bima ya umma ya mwanafunzi inaanza na muhula au na usajili chuoni, na ubalozi unataka uwe na kinga tangu siku ya kuingia. Ya pili itazame kwa makini. Mwanafunzi wa shahada aliye chini ya miaka 30 ana haki ya bima ya umma kwa bei ya wanafunzi. Mwaka 2025 ilikuwa takriban euro 140 hadi 150 kwa mwezi, kutegemea kampuni na umri, kwani asiye na mtoto akifikisha miaka 23 hulipa zaidi kidogo. Bima binafsi inaweza kuonekana nafuu kwa nusu. Lakini ukijiondoa kwenye ya umma, uamuzi huo haurudishwi katika kipindi chote cha masomo hayo, na mwenye maradhi ya kudumu atakuta bima ya nafuu haimlipii alichokuwa nacho kabla. Ukiwa na sifa ya kupata ya umma, chukua ya umma. Chuo kitapokea taarifa yako moja kwa moja kutoka kwa kampuni ya bima, kwa ujumbe wa kielektroniki unaoitwa M10, kwa hiyo usihangaike kuchapisha vyeti.

Waliofikisha miaka 30, na wanaokuja kwa kozi ya lugha tu au Studienkolleg (masomo ya maandalizi kabla ya chuo kikuu), hawapati bei hiyo ya wanafunzi. Hao ndio wanaohitaji kukaa chini na kulinganisha bima binafsi, na kifurushi cha haraka haraka hakiwafai.

Ukitoa euro 145 za bima kutoka kwenye 992 unabaki na 847. Munich, ambako chumba katika nyumba ya kushirikiana mara nyingi kinapita euro 700, hizo ni pesa za kujibana hasa. Katika miji ya mashariki kama Chemnitz zinakaa vizuri. Weka pia euro 18.36 kwa mwezi za ada ya redio na televisheni, inayodaiwa kwa kila nyumba hata isiyo na televisheni. Mnaokaa pamoja analipa mmoja, wengine wanajibu barua kwa kutaja nambari yake. Barua hiyo usiitupe, deni linakua na faini inafuata. Kazi inaruhusiwa: tangu Machi 2024 ni siku 140 nzima au nusu siku 280 kwa mwaka.

Mwaka wa pili, na viza ikikataliwa

Viza inakuingiza tu. Kibali cha kukaa unakiomba huko huko, ofisi ya wageni, kabla viza haijaisha. Peleka ombi mapema hata kama miadi iko mbali, na uhifadhi uthibitisho wa kulipeleka, kwa sababu ombi lililofika kabla ya viza kwisha linafanya ukaaji wako uendelee kuwa halali, na unaweza kudai Fiktionsbescheinigung, karatasi inayoonyesha hivyo. Lililochelewa hata siku moja halina kinga hiyo.

Kibali kikikaribia kwisha utaulizwa tena swali lile la pesa. Unaweza kujaza upya Sperrkonto au kuonyesha mkataba wa kazi na hati za mishahara ya miezi iliyopita, au kuchanganya vyote viwili pale ofisi inapokubali. Anayepata kazi ya kudumu ya saa chache mwaka wa kwanza anajiokoa na kuzuiwa kwa pesa nyingine nyingi, na ada ya mtoa huduma pia.

Viza ikikataliwa, akaunti hufungwa kwa kuonyesha barua ya kukataliwa. Ukiamua mwenyewe kutokwenda bila kukataliwa, unahitaji karatasi ya ubalozi inayosema ombi limeondolewa, na hiyo inachukua muda wake. Watoa huduma wengine hurudisha pesa kwenye akaunti ile ile zilikotoka na si kwingine, kwa hiyo aliyekutumia asiifunge akaunti yake mpaka ukae darasani. Uliza na ada ya kufunga ni kiasi gani, na kama ile ya kufungulia inarudi. Kwa kawaida hairudi.